Wakuu mlioko Darwin: nataka siku moja ya kupumzika porini na familia, ila mama watoto anaogopa mamba

Mkimbia_Baridi:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na wale wa kejeli leo nawaomba mpite pembeni, uzi huu ni wa familia.

Niko Darwin, kaskazini mwa Australia, mwaka wa pili sasa, kazi za zamu. Nina mke na watoto wawili, kijana ana miaka 9 na binti ana 6. Julai hii shule zimefungwa, na mimi nimebahatika kupata siku mbili mfululizo za mapumziko. Nataka tulale usiku mmoja kwenye hema, watoto waone wanyama, nami nikae kwenye kiti nisifanye lolote.

Mwaka jana nilijaribu nikaharibu. Tulitoka alfajiri tukaenda Jabiru, ndani ya hifadhi ya Kakadu, tukapanda mwamba wa Ubirr kuona michoro, tukakimbilia Cooinda. Boti ya kutazama wanyama ya Yellow Water tukaikosa kwa dakika kumi. Tukarudi kwa njia ya Pine Creek. Zaidi ya kilomita 700 kwa siku moja! Mke wangu alikuwa akihesabu wanyama: kangaruu mmoja, naye amekufa kando ya lami. Binti alitapika mara mbili. Nilirudi nimechoka kuliko nikitoka zamu ya usiku.

Mimi nimekulia Mikumi. Kwetu ukikaa dirishani mwa basi la Iringa unaona twiga, swala, na siku njema tembo. Huku pori ni kubwa kuliko akili, lakini wanyama wamejificha wapi? Halafu kuna suala la mamba. Mama watoto amesema hema likiwa karibu na maji yeye analala ndani ya gari na milango imefungwa. Je, nirudi Kakadu au kuna sehemu ya karibu? Gari langu ni dogo, si la kupanda milima.

Nawasilisha.

Dereva wa Masafa:

Mkuu, kosa lako si Kakadu, ni ratiba. Ile hifadhi ina karibu kilomita za mraba 20,000, wewe ukataka kuimaliza kati ya chai na chakula cha usiku. Kwa usiku mmoja nenda hifadhi ya Litchfield. Kutoka Darwin ni kama saa moja na nusu: unashuka na Stuart Highway, unaingia Batchelor, umefika. Lami inakwenda hadi maporomoko ya Wangi, gari lako dogo linatosha. Ukiona kibao cha Tjaynera pita kama hukukiona, ile njia ni ya magari ya foo-wili.

La pili, hakikisha umesimamisha hema kabla ya saa kumi na mbili jioni. Usiendeshe giza likishaingia. Hao walabi (kangaruu wadogo) na nyati pori hawajui taa ni nini, na kuna malori yanayovuta matrela matatu, urefu wake unapita mita 50. Likikupita usiku unahisi gari lako linaomba dua.

BintiRufiji:

Kaka, mpe shemeji pole, hofu yake ni ya haki. Mimi ni wa Utete, kwetu mamba ni jirani, lakini hawa wa huku nimewavulia kofia. Dume anaweza kupita mita tano. Halafu lile jina la mamba wa maji chumvi linadanganya watu, maana anaingia hadi kwenye mito na mabwawa ya maji baridi, mbali kabisa na bahari. Waliwindwa kwa ajili ya ngozi mpaka wakabaki kama 3,000 tu katika Northern Territory, hili jimbo letu, serikali ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1971, na leo wanakadiriwa kufika 100,000. Kwa hiyo usije ukasema "mbona maji yametulia". Yametulia kwa sababu na yeye ametulia.

Wanachofundisha hapa ni kama alichonifundisha babu yangu. Hema liwe mita 50 au zaidi kutoka kwenye maji. Samaki usimparie ukingoni, wala mabaki ya chakula usiyaache pale. Na usichote maji mahali palepale kila mara, mamba anasoma tabia ya mtu. Bibi yangu alikuwa akibadilisha njia ya kwenda mtoni kila siku, na hakuwahi kusoma kibao chochote.

Sasa faida ya Litchfield ni kwamba kambi ya Florence iko juu, mabwawa ya kuogea yako chini, unateremka ngazi. Kwa watoto wadogo mimi napenda zaidi Buley Rockhole. Ni vibwawa vidogo vya mawe vinavyomwagiana maji kama ngazi, unamwona mtoto wako muda wote. Wangi ni pazuri lakini ni dimbwi kubwa, hufungwa msimu wa mvua kwa sababu mamba wakubwa huweza kuingia, na walinzi hutega mitego na kukagua kabla ya kulifungua tena. Asubuhi ya safari angalia mtandaoni kama pamefunguliwa, kisha usome na kibao ukifika. Kibao kikisema hapana, usibishane nacho.

Kipanga_001:

Litchfield ni ya watalii wa kuoga. Mtu anayetaka wanyama aende Kakadu apande boti Yellow Water alfajiri, basi. Mengine ni kupoteza mafuta.

Dereva wa Masafa:

Kipanga, umesoma kuwa binti ana miaka 6 na alitapika mara mbili?

Kipanga_001:

Nimesoma. Wampe tangawizi.

Mzee wa Vichuguu:

Vijana, acheni mzaha. Nimekaa huku miaka mingi na nitakujibu lile swali lako la kweli, la wanyama kujificha.

Mwanangu, hawakujificha, umewafuata saa mbaya. Pori la huku halina makundi kama ya Mikumi. Mnyama wa hapa anakwepa jua. Ukitembea saa sita mchana utaona nzi na mikaratusi (ndiyo, ile ile ya kwetu, kwao ndiyo miti ya porini). Kaa sehemu moja kuanzia saa kumi jioni hadi usiku, kisha amka kabla jua halijatoka. Walabi watatoka kula majani pembeni mwa hema, hutahitaji kuwasaka. Wafundishe watoto kukaa kimya robo saa tu, kisha uwaulize wamesikia nini.

Mchana uwe wa vitu visivyokimbia. Anza na vichuguu. Kabla hujafika Florence kuna uwanja wa vichuguu vyembamba kama mawe ya kaburi, vyote vimeelekeza ncha kaskazini na kusini. Mchwa wake wanaishi kwenye udongo mweusi wa mbuga unaojaa maji masika, kwa hiyo hawawezi kukimbilia chini ardhini kama wenzao. Wamejenga ukuta mpana upande wa mashariki na magharibi: asubuhi na jioni unapata joto, jua la utosini linaangukia kwenye ncha nyembamba tu. Jirani kuna vile vingine vya duara, vinene, vinapita mita nne. Mwambie kijana wako aje na dira.

Tena wataona majimoto! Ni ndugu wa wale wanaoshona majani ya mwembe kwetu, ila wa huku wana matako ya kijani. Wenyeji wa asili huwala, wana uchachu kama ndimu. Mimi nimeonja mmoja. Ulimi ulipona siku hiyo hiyo.

Mswahili wa Palmerston:

Nipo nje ya mada kidogo, wakuu mnisamehe. Mke akisema huku ni ugenini mwambie Wakilwa walitangulia. Mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga la Australia aliokota sarafu ufukweni, visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Arnhem Land. Akazihifadhi, akaja kuzipeleka zichunguzwe mwaka 1979, na tano zikabainika ni za masultani wa Kilwa. Zilifikaje, kila mtu ana hadithi yake. Nikiwaambia wenzangu kazini wanadhani natunga.

Kipanga_001:

Kwa hiyo tudai ardhi?

MamaNassor (Mombasa):

Jamani nyote mumesahau vitu vya kina mama. Mdogo wangu, Julai mchana ni joto lakini alfajiri porini kuna kibaridi, wabebee watoto masweta. Dawa ya kupaka ya mbu na ya vile vijidudu vya ufukweni, usisahau, wallahi vinawasha wiki nzima. Maji ya kunywa chukua mara mbili ya unavyodhani. Tochi za kuvaa kichwani, kila mtu na yake, manake mkiwa na moja watoto watapigana. Na kambi ulipie kabla mtandaoni, Julai hujaa.

Chakula kipike nyumbani. Mimi hubeba chapati, maharagwe yaliyokwisha ungwa, na nyama ya mishkaki iliyolala kwenye viungo ndani ya boksi la barafu. Moto uwashe pale palipojengewa tu, kwengine hawataki, nyasi zimekauka. Na mwewe! Ni hawa hawa wa kwetu, macho kwenye sahani yako.

Mzee wa Vichuguu:

Mama Nassor umenikumbusha. Mwewe wa huku wenyeji wa asili wanawasifu kwa jambo jingine: nyasi zikiungua, ndege anaokota kijiti kinachowaka, anakwenda kukiangusha mbele ili panzi na mijusi watoke. Mimi sijakiona kijiti, ila nimeona wamejaa juu ya moto kama watu wa shughuli wanaosubiri pilau.

Mkimbia_Baridi:

Nashukuru sana wakuu. Mama watoto amesoma uzi wote. Amekubali Florence, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayepima hizo mita 50. Nitaleta mrejesho.

Mkimbia_Baridi:

MREJESHO.

Tumerudi jana, wakuu. Kwa muhtasari: kwa siku mbili nimeendesha kilomita chache kuliko zile za mwaka jana kabla ya chakula cha mchana.

Tulianza na vichuguu. Mwanangu aliweka dira ya simu kwenye reli ya njia ya mbao, akafumba jicho moja, akasema "Baba, mchwa hawana simu lakini wamepatia." Hatukwenda kokote mpaka alipovipima vyote vinavyoonekana. Dada yake yeye alikuwa na majimoto kwenye mkadi. Hakuonja. Aliyeonja ni mama yake, sijui shetani gani alimwingia, akasema ni kweli, ndimu.

Buley tuliogelea hadi vidole vikakunjamana. Saa kumi tukarudi kambini, nikafanya kama alivyosema Mzee: kiti, chai, kimya. Dakika kumi za kwanza niliona ujinga. Kisha kukawa na kenge, anatembea kati ya hema letu na la jirani kama mkaguzi, ulimi nje. Jua lilipozama walabi walitoka, nilihesabu saba, mmoja ana mtoto kwenye mfuko, miguu ya mtoto inaning'inia nje kama kandambili kwenye kapu. Hakuna aliyezungumza. Binti alinishika kidole akakikaza mpaka walipoondoka.

Usiku ndio sikuutarajia. Popo wakubwa walipita juu, mamia, kisha anga ikajaa nyota. Jirani wa kambi, mzee mmoja wa hapa hapa, alitufundisha kutazama giza badala ya nyota: pembeni mwa zile nyota nne za msalaba kuna doa jeusi, ndicho kichwa cha emu, yule mbuni wao, na shingo na mwili unafuata giza lililo katikati ya ukungu wa nyota. Ukishamwona huwezi kutomwona tena. Alfajiri nikatoka kwa haja ndogo, nikakuta Kilimia kimechomoza mashariki. Nilisimama pale na tochi imezimwa, bibi yangu akanijia kabisa, na jembe lake.

Mdiria wao mkubwa ndiye aliyetuamsha. Si kilio cha ndege kile, ni kama watu wanagombana wakiwa wamekabwa koo. Binti alidhani ni jirani.

Kasoro: nilisahau kifungulio cha kopo. Na hema nililosema ni la watu wanne ni la watu wanne wasiokuwa na miguu.

Mamba hatukumwona hata mmoja. Mama watoto alipima hatua zake alipofika, akazipima tena usiku, na asubuhi akasema safari ijayo anataka kumwona, ila yeye awe kwenye boti.

Kipanga_001:

Yellow Water. Nilisema.

BintiRufiji:

Shemeji hongera! Kabla ya Kakadu mpeleke Fogg Dam jioni moja, ni karibu, kama kilomita 70 kutoka mjini. Miaka ya hamsini walitaka kulima mpunga kule, bata bukini weusi na weupe wakaufurahia kuliko wakulima. Mpunga umekufa, ndege wamebaki. Juu ya tuta mnapita na gari tu, kutembea kwa miguu ni marufuku, na sababu shemeji anaijua.

MamaNassor (Mombasa):

Na mishkaki? Mwewe hakuja?

Mkimbia_Baridi:

Alikuja. Alichukua miwili. Wa kwanza niliuacha mezani, uzembe wangu. Wa pili ulikuwa mdomoni unaelekea.