Mrututu wa kahawa unafika mpaka baharini?

kibosho_juu: Wakuu kwema? Mzee wangu huku Kibosho msimu wa mvua anapiga mrututu, ile dawa ya bluu yenye shaba, kwenye kahawa, magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yanatusumbua, akirudi shati lote bluu. Sasa mdogo wangu wa kidato cha sita kamwambia shaba inaua fitoplanktoni, vile vimea vidogo vinavyoelea baharini, eti maji yetu yote yanaishia Pangani. Mzee kacheka, bahari iko Tanga mimi niko Kibosho! Nani mkweli?

mwl_bailojia: Dogo yuko vizuri ila kakata kona. Shaba kidogo sana vile vimea vinaihitaji, kama vinavyohitaji zinki na chuma, mwaka 1993 watafiti walimwaga chuma Pasifiki huko karibu na Galapagos na vikaongezeka kweli. Ikizidi ndo balaa, usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, unashuka na seli zinaacha kugawanyika. Halafu havifi vyote kwa mpigo, sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea) wanaumia mapema, daiatomu (vile vyenye ganda kama kioo) wengi wanavumilia, kwa hiyo unaweza kuta maji bado ya kijani kumbe waliobaki ni wengine kabisa, na wadudu wadogo wanaoliwa na dagaa hawali kila kitu. Na inayoua hasa ni ile shaba iliyo huru kwenye maji, iliyonatana na mabaki ya majani na uozo haina makali hayo.

dada_wa_majengo: Mwalimu umesahau udongo. Mrututu unang'ang'ania udongo, hausafiri hivihivi, unaondoka na tope. Tope la Kibosho linashuka mto Karanga, linaingia mto Kikuletwa, halafu kuna bwawa la Nyumba ya Mungu hapo katikati, tope jingi linatulia bwawani. Baharini nahofia zaidi rangi za meli za kuzuia viumbe kunata, maana zile zenye madini ya bati zilipigwa marufuku kimataifa 2008 na nyingi za sasa zina shaba, bandarini meli zimesimama maji hayatembei, hapo ndo vimea vinakiona. Weka na maji machafu ya miji.

kibosho_juu: Kwa hiyo mzee aendelee tu?

dada_wa_majengo: Sijasema hivyo mangi 😂 miaka na miaka shaba inajaa humo humo shambani, minyoo wa udongo hawaipendi. Apige kwa kipimo, na bomba la kupulizia asilioshee mferejini, hiyo inaingia majini moja kwa moja bila kupita udongo.

kibosho_juu: Aisee. Bomba huwa naosha mimi. Mferejini.