Bosi anauliza "ikiharibika tunampigia nani?" Naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

mpimaji_moro:
Wakuu heshima kwenu, uzi ni mrefu kidogo mnivumilie.

Niko Morogoro kwenye ofisi ndogo ya upimaji, tuko watu watano tu na mimi ndo nashika ramani zote za kompyuta. Mwaka wa tatu huu tunatumia QGIS, programu ya bure ya kutengenezea ramani, hatujalipa hata senti na kazi zinatoka. Sasa mzee (bosi wangu, namheshimu sana yeye ndo kanifundisha kazi) anataka tununue programu ya kulipia, leseni ya kila mwaka, na hiyo hela ni karibu sawa na bei ya GPS mpya tunayoililia toka mwaka jana. Hoja yake ni moja: hii ya bure ikiharibika tunampigia nani?

Nikamwambia kuna watumiaji wenzetu mtandaoni. Akaniuliza, yaani kazi ya mteja uikabidhi kwa watu usiowajua?

Niwaambie kwa nini mimi nawaamini. Mwaka jana niliingiza michoro ya zamani ya viwanja, ile ya karatasi, nikaiweka juu ya picha ya setilaiti. Viwanja vyote vimepanda kaskazini karibu mita 300 na vimesogea magharibi kama mita tisini hivi, vingine vimekaa katikati ya barabara. Wiki mbili sina usingizi, nikajua nimekosea kuandika namba, nikarudia zote upya, palepale. Mwisho nikauliza kwenye jukwaa la watumiaji kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, na jioni hiyohiyo mtu ambaye sijawahi kumuona akanijibu kwamba michoro yako iko kwenye Arc 1960 (mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani wa huku kwetu) na wewe umeiambia programu ni WGS 84 (mfumo unaotumiwa na GPS). Weka namba ya mfumo 21037 (ndo Arc 1960) badala ya 32737 (ndo WGS 84). Nikaweka, viwanja vikakaa mahali pake. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi kwanza.

Sasa Jumatatu tuna kikao. Nimwambie nini mzee ambacho atakielewa, na je yeye yuko sahihi na mimi ndo sioni?

bint_pangani:
Kaka pole na hongera. Mie nimefanya kazi ofisi yenye leseni ya kulipia miaka minne. Namba ya kupiga ipo kweli, unafungua tiketi (ombi la msaada) unasubiri, wakati mwingine siku tatu. Na unajua tulichokuwa tunafanya tukisubiri? Tunatafuta mtandaoni mtumiaji mwingine aliyewahi kukwama hapohapo! Mara nyingi jibu lilikuwa linatoka huko kabla ya tiketi. Kwa hiyo mwambie mzee hata ukinunua, hao watu usiowajua bado utawahitaji.

kisiki_cha_mpingo:
Mimi nitakuwa tofauti kidogo. Mzee wako ana hoja, usimpuuze. Tulikuwa na kazi ya mteja ya tarehe maalum, plagini moja (kiongezeo cha programu) ikagoma baada ya kusasisha programu, nikauliza, siku kumi hakuna aliyejibu. Na sikuwa na wa kumlaumu maana hakuna mtu aliyenidai wala niliyemdai. Yule anayekujibu leo anajibu kwa moyo wake, kesho ana mtoto anaumwa au kazi yake imembana, hana mkataba na wewe.

Mambo mawili yangeniokoa. Kwanza kwenye mashine ya kazi usiweke vesheni mpya kabisa. QGIS hutoa vesheni mpya kila baada ya miezi minne hivi, ila kuna ile ya muda mrefu ambayo wanairekebisha makosa tu bila kuingiza vitu vipya, weka hiyo. Pili tengeni kafungu kadogo, siyo bei ya leseni, kwa ajili ya kumlipa mtaalamu siku ikibana kweli. Kuna watu kazi yao ni hiyo, wanalipwa na hata kurekebisha kosa ndani ya programu yenyewe, na wakirekebisha linakuwa limerekebishwa kwa wote.

mchora_mitaro:
@mpimaji_moro mpe mzee mfano wa Dar. Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani ya jiji, ilipoanza 2015 nilikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Ardhi, tukaingia mitaani na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wenyewe wa kata, tunachora nyumba, njia na mitaro, sababu kubwa ni mafuriko. Vyote vinaingia OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Wiki ya kwanza nilichora mtaro nikauweka kama mto mkubwa, na mtaa mzima nikaupa aina ya barabara isiyo yake. Mtu wa mbali huko akaniandikia kwa upole, akanieleza tofauti, akaniachia nirekebishe mwenyewe. Hakunidharau. Mpaka leo nikimuona mgeni kakosea natumia maneno yaleyale aliyoniambia yule.

Na hiyo QGIS yenyewe ilianza 2002 na mtu mmoja tu, Gary Sherman, alikuwa anatafuta kitu cha kuangalizia ramani zake kwenye Linux. Leo hii iko ofisini kwenu Morogoro. Mzee asidhani ni kitu cha wahuni.

fundi_kisumu:
Wadau, mimi niko Kisumu, kazi kama hiyohiyo. Siku kumi bila jibu pia inaweza kuwa ni vile swali liliulizwa, sisemi ni wewe @kisiki, nasema mimi nilikuwa nauliza vibaya. Naandika "haifanyi kazi nisaidieni haraka" halafu nashangaa kimya. Siku hizi naweka vesheni ya programu, aina ya kompyuta, ujumbe wa kosa vile ulivyo, skrinishoti, na vitu nimeshajaribu. Majibu yanakuja.

Kitu kingine msiweke faili la mteja huko!! Viwanja vina majina ya wenyewe na namba za hati. Kata kipande kidogo, futa majina, ndio uweke.

Halafu tupunguze kujibiana kwenye WhatsApp pekee. Tuna grupu la watu wengi sana, swali la Arc 1960 limeulizwa mara sijui ngapi, kila mara mtu anajibu na jibu linazama chini ya salamu za asubuhi, mwezi ujao mwingine anauliza tena. Likiwa mahali pa wazi mtu akitafuta analipata hata baada ya miaka.

mpimaji_moro:
Asanteni sana, @kisiki umenifungua macho, nitaanza na hoja yako maana ndo hofu ya mzee yenyewe. Nitampendekezea: vesheni ya muda mrefu, kafungu ka dharura, GPS tununue. Na nitampeleka kwenye kompyuta nimuonyeshe lile swali langu na jibu, alisome mwenyewe.

@fundi_kisumu umenigusa. Sikurudi hata kumwambia yule mtu kwamba imekubali, nilifurahi nikafunga kompyuta. Nimerudi leo nimeandika asante na hatua nilizofuata. Naziacha na hapa kwa Kiswahili: ukiweka mfumo wa vipimo wa leya (tabaka la ramani) unabadilisha lebo tu, namba zinabaki vilevile. Kwa hiyo weka kwanza lebo ya kweli, 21037, ndipo uhifadhi kama faili jipya kwenye 32737, hapo namba zenyewe zinahamishwa. Mimi nilikuwa nimepachika lebo ya 32737 juu ya namba za Arc.

mama_wa_data:
Jamani ndo ninachoteseka nacho tangu Alhamisi 😭 mimi niko Mbeya, natumia namba hizohizo?

mpimaji_moro:
Hapana dada, Mbeya iko magharibi ya nyuzi 36 za longitudo kwa hiyo ni kanda ya 36 ya ramani, sisi Morogoro ni ya 37, ndo zile tarakimu mbili za mwisho. Lebo iwe 21036 halafu hifadhi kwenye 32736. Ikigoma weka skrinishoti hapahapa, nipo mpaka usiku.