Fleti ya juu kabisa pembeni au ya ghorofa ya kati: ipi itakula umeme kidogo?

Mnunuzi Mtarajiwa

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mwenzangu tuko mbioni kununua fleti katika jengo jipya la ghorofa nane, na tumebakiwa na mbili za kuchagua, zote zenye ukubwa unaolingana. Ya kwanza iko juu kabisa, pembeni, na sebule yake ina kioo kikubwa kinachotazama machweo. Ya pili iko ghorofa ya nne katikati ya jengo, madirisha yake yote yanatazama kaskazini, na kusema kweli haina mandhari ya kusifia. Mwenzangu ameipenda ya juu. Mimi nahofia bili ya umeme, kwa kuwa huku joto ni la karibu mwaka mzima na tunapopanga sasa hapalaliki bila kiyoyozi. Je, tofauti ya matumizi ni kubwa kiasi cha kutufanya tuyaache mandhari?

Mchora Ramani

Mtoa mada, anza na kile kioo. Jua la alasiri huwa limeshuka, hivyo hupiga ukuta wa magharibi karibu moja kwa moja, na siku isiyo na mawingu kila mita ya mraba ya ukuta huo inaweza kupokea zaidi ya wati 500. Kioo cha kawaida cha tabaka moja hupitisha takriban asilimia 80 ya joto hilo. Tuseme kioo chenu kina mita za mraba 6: hizo ni wati 2,400 zinazoingia sebuleni, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kina uwezo wa kuondoa wati 3,500 hivi za joto. Theluthi mbili ya uwezo wa mashine hiyo itaishia kupambana na dirisha, kabla haijagusa joto la watu, jiko na friji. Ukingo uliojitokeza juu ya dirisha hausaidii sana hapo, kwa sababu huzuia jua lililo juu, na la magharibi hupenya chini yake. Mapazia nayo huchelewa: joto likishavuka kioo, limekwisha kuwa la kwako. Kinachofaa ni kizuizi cha nje, kama vibao vya kusimama wima au pazia la nje la kukunja, na uulize mapema kama wasimamizi wa jengo wanaruhusu kukifunga.

Mkaazi wa Juu

Naongezea suala la paa, ambalo nimeishi nalo miaka mitano. Zege hunywa jua kutwa nzima na kulirudisha ndani polepole, kiasi kwamba saa tatu usiku, nje kumeshapoa, dari yangu bado ina uvuguvugu ukiigusa kwa kiganja. Tulipolipaka paa rangi nyeupe hali ilipata nafuu, lakini paa ni mali ya pamoja, ikabidi niwashawishi wamiliki wenzangu wote, na kikao kile sitamani kukirudia.

Feni Kwanza

Natofautiana kidogo na wenzangu. Fleti ya pembeni ina kuta mbili za nje, hivyo hewa huingia upande mmoja na kutokea mwingine, jambo ambalo fleti yenye madirisha upande mmoja hailiwezi hata ukifungua kila kitu. Feni ya dari hutumia wati 50 hadi 75, ilhali kiyoyozi kidogo hutumia wati 1,000 hivi.

Mchora Ramani

Hoja hiyo ni ya kweli, ila upepo una masharti yake: hewa ya nje iwe ya baridi kuliko ya ndani, kelele na vumbi visikulazimishe kufunga, na madirisha yenyewe yawe yanafunguka.

Mgeni wa Theluji

Niliko mimi ni nchi ya baridi, na bado ya kati ndiyo hushinda, kwani hupata joto la majirani wa juu, chini na pembeni, wakati ya juu kabisa hupoteza lake kupitia paa.

Mnunuzi Mtarajiwa

Nawashukuru. Tumerudi kuangalia: kioo kile hakifunguki isipokuwa kipande chembamba cha juu, na muuzaji anasema paa lina kizuia joto lakini hakuweza kutaja unene wake. Mwenzangu ameanza kulegea. Kwa ile ya ghorofa ya nne, nikague nini?

Mchora Ramani

Kagua mahali mashine ya nje ya kiyoyozi itakapofungwa. Wajenzi wengine huzipanga zote ndani ya uwazi mwembamba ulio katikati ya jengo, kisha hewa ya moto ya ghorofa za chini hupanda na kuvutwa na mashine za juu, na mashine inayovuta hewa ya moto hutumia umeme mwingi zaidi kwa ubaridi uleule. Kisha fungua madirisha na mlango wa kuingilia kwa pamoja, usimame katikati ya sebule, uone kama hewa inapita.