Chawa wa kichwa baada ya likizo ya baridi Lushoto: wamekufa, kisha wamerudi

Mama Watatu, Ngamiani, Tanga

Assalaam aleikum, na poleni na kipupwe. Ninaomba ushauri kuhusu chawa wa kichwa, na nisieleweke vibaya: ninawazungumzia wadudu, si wale chawa wa mjini wanaoishi kwa kuwasifu wenye fedha.

Binti zangu, wa miaka 9 na 6, walikwenda kwa bibi yao Lushoto mwanzoni mwa likizo ya Juni. Baridi ya kule mnaijua. Watoto watano walilala kitanda kimoja chini ya blanketi moja, na mchana walivaa kofia za sufu kwa kupokezana. Walirudi Tanga wakiwa wazima, lakini katikati ya Julai mkubwa akaanza kujikuna nyuma ya masikio hata usiku, na nilipomfumua twende kilioni aliyosukwa huko nikakuta mayai yamejipanga kwenye nywele kama chembe za chumvi. Nilinunua dawa, nikawapaka wote wawili mara moja, chawa wakafa, nikafurahi. Siku ya kumi nimewakuta tena.

Nimechemsha mashuka mpaka mengine yamepauka. Jirani ananishauri nipake mafuta ya taa, mume wangu anataka wanyolewe kipara, binti mkubwa analia akisikia habari ya wembe, na shuleni nimeambiwa asirudi mpaka apone. Ndani ya nyumba kuna pia mtoto mchanga wa wiki sita. Je, ni baridi inayozalisha chawa? Na nilikosea wapi?

Mfamasia wa Chumbageni

Dada, pole. Nianze na baridi, kwa sababu wengi huisingizia. Chawa hajui kipupwe wala kaskazi, kwa kuwa anaishi juu ya ngozi ya kichwa, ambako joto ni lile lile Lushoto na Tanga, na chakula chake ni damu. Baridi inachofanya ni kuwabana watu pamoja. Chawa hana mabawa wala haruki. Hutambaa tu, akishika unywele mmoja baada ya mwingine kwa kucha zake, na njia yake kuu ya kuhama ni kichwa kugusana na kichwa. Kofia za kupokezana zinaweza kumpitisha, lakini ni kwa nadra. Watoto watano chini ya blanketi moja kwa wiki kadhaa ndiyo maelezo ya kutosha, wala usishangae kwamba muwasho ulichelewa: anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ngozi yake haijaanza kuyakataa mate ya mdudu huyo.

Sasa kosa lenyewe, na ni kosa ninaloliona dukani kila mara. Kama dawa uliyopaka ni permethrini ya asilimia 1, basi iliua chawa wanaotembea lakini haikuua mayai yote. Yai hugandishwa kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi, na mtoto wa chawa huhitaji takriban siku 9 hadi 12 nyingine kabla ya kuanza kutaga. Kwa hiyo wale uliowaona siku ya kumi hawakutoka kwenye godoro. Walianguliwa pale pale kichwani. Mkupuo wa pili hupakwa karibu na siku ya 9, wakati walio wengi wameshaanguliwa na hakuna aliyefikia kutaga. Ukiuruka huo, kazi ya kwanza imepotea bure. Sasa anza upya na uhesabu siku.

Nywele zifumuliwe zote, zioshwe kwa shampuu isiyo na kondishena, zikaushwe kwa taulo, dawa ikae dakika 10, kisha isuuzwe mtoto akiwa ameinama juu ya beseni ili isimtiririke mwilini. Baada ya hapo nywele zisioshwe kwa siku moja au mbili. Angalia sana boksi: permethrini ya asilimia 5 ni dawa ya upele, na si ile ninayoisema. Mtoto wa chini ya miezi miwili hapakwi permethrini hata kidogo. Mkague, na ukimwona chawa mtoe kwa kitana au kwa vidole, kisha umpeleke kliniki wakushauri. Wewe na mumeo nyumbani mkaguliwe siku hiyo hiyo. Asiye na chawa hahitaji dawa, isipokuwa kama analala kitanda kimoja na mwenye nao, na kwa kuwa unanyonyesha, mwambie mfamasia kabla ya kupaka.

Mashuka umeyatesa kuliko inavyostahili. Chawa aliyeanguka kutoka kichwani hufa ndani ya siku moja au mbili kwa kukosa damu. Inatosha kufua kwa maji ya moto yanayozidi nyuzi 54 foronya, mashuka na mitandio iliyotumika siku mbili zilizotangulia matibabu, na mto wa usufi usiofulika ufungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki mbili. Nyumba usiipulizie dawa ya wadudu.

Na mafuta ya taa, ninakuomba, hapana. Yanababua ngozi, mtoto akiyameza kidogo yanaweza kumwingia mapafuni, na kichwa kilicholowa mafuta hayo karibu na jiko la mkaa ni moto unaosubiri cheche. Ninaikataza pia dawa ya kuogeshea ng'ombe, maana wapo wanaoitumia.

Bibi wa Makorora

Mwanangu, sisi tulipaka hayo mafuta ya taa, na ngozi ya utosi wa mdogo wangu ilibabuka ikatoka kama ganda la kitunguu, kwa hiyo msikilize mfamasia. Lakini dawa iliyotusaidia kweli ilikuwa baraza. Kila alasiri ya Ijumaa mama alitukalisha kwa zamu katikati ya magoti yake, akatupaka mafuta ya nazi mpaka nywele zikateleza, akapitisha kitana cha meno membamba kutoka kwenye ngozi mpaka nchani. Siwezi kuapa kwamba mafuta ya nazi yanaua chawa, ila yanamnyima pa kushika na kitana kinapita bila mtoto kulia. Aliyechanwa naye humkagua mwenziwe, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa, na siku hizi ninawaona kina mama wakitaka chupa ifanye kazi ya vidole kumi.

Msomaji aliyeko Leeds

Ninaongezea uzoefu wa huku Uingereza, ambako wanangu wamepata chawa mara tatu, mara mbili kati ya hizo katika majira ya baridi, wakati watoto hawatoki nje na hukaa wameinamia tableti moja vichwa vikiwa vimegusana. Bibi hapo juu atafurahi kusikia kwamba huduma ya afya ya taifa, NHS, hutanguliza kitana kabla ya dawa. Nywele hulowanishwa na kupakwa kondishena nyingi, kisha huchanwa fungu kwa fungu siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, halafu hukaguliwa kwa mara ya mwisho siku ya 17. Ratiba hiyo hufuata kuanguliwa kwa mayai, kama alivyoeleza mfamasia. Permethrini huku haimo katika dawa zinazopendekezwa, kwani inaonekana haifui dafu mbele ya chawa wa sasa. Hutumika zaidi losheni za dimetikoni, ambazo humfunika mdudu badala ya kumtia sumu. Ikiwa chawa wako wanatembea kwa nguvu zile zile siku moja baada ya dawa, usirudie dawa hiyo hiyo mara ya tatu na ya nne. Rudi kwa mfamasia ubadilishiwe.

Kuhusu shule, huku mtoto mwenye chawa hazuiwi kuhudhuria. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kinashauri vivyo hivyo.

Mwalimu, Pongwe

Kwanza hakikisheni kwamba mnachotibu ni chawa. Kila mwaka huletewa darasani mtoto "mwenye chawa" ambaye kumbe ana mashilingi, yaani fangasi wa kichwa: nywele zimekatika katika duara lenye magamba, na dawa ya chawa haimsaidii hata kidogo. Mba nayo hupeperuka ukiipangusa, ilhali yai la chawa halibanduki mpaka uliburute kwa ukucha. Kunyoa kunasaidia, na ndiyo sababu moja tunawaona wachache katika shule ambazo watoto wote hunyoa, lakini msichana asinyolewe akilia wakati kitana kingetosha. Kwa binti mwenye nywele ndefu, zifungwe au zisukwe akiwa hana chawa, na mtandio wa madrasa uwe wake peke yake.

Mama Watatu, Ngamiani, Tanga

Nimerudi kutoa taarifa, nikiwashukuru wote. Jumamosi ile niliwakalisha uani kwenye kigoda, shuka jeupe mabegani, nikaanza na mkubwa. Mpitisho wa tatu, nyuma ya sikio la kushoto, kitana kilitoka na kitu mfano wa punje ya ufuta. Nikakipangusa kwenye karatasi nyeupe, kikatulia, kisha kikachomoa miguu na kuanza kutembea kukielekea kidole changu, na tumboni mwake kulionekana weusi wa damu ya mwanangu. Tangu hapo sikuhitaji kuhimizwa.

Siku hiyo nilitoa kumi na wanne kwa mkubwa na tisa kwa mdogo, kisha nikapaka dawa. Kwangu walipatikana wawili, nami ndiye niliyekuwa nikisema ninawashwa kwa mawazo tu. Kwa mume wangu hakuna, na amekuwa akijisifia upara wake tangu siku hiyo. Mchanga ni salama. Siku ya 5 nilikuta vidogo vitatu, siku ya 9 kimoja, nikapaka mkupuo wa pili, na siku ya 13 kitana kimetoka kitupu kwa wote. Nimebakiza ukaguzi wa siku ya 17. Shuleni nilikwenda mwenyewe na kitana mkononi, tukaelewana, na binti yumo darasani.

Iliyobaki ni Lushoto. Nilipompigia simu bibi yao alikasirika, akasema nyumbani kwake hapajawahi kuonekana chawa. Jana amepiga yeye, akiuliza kwa sauti ya chini vitana hivyo vinauzwa wapi. Leo asubuhi nimempa kondakta wa basi la Lushoto vitana viwili na chupa ya kondishena, na wale binamu watatu watachanwa Jumapili.