Mrejesho: unga wa protini au samaki?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Miezi mitatu iliyopita niliwauliza kama ninunue unga wa protini ili nijenge misuli, au chakula kizuri kinatosha. Sikununua.

Kaka mmoja alinishauri nipige hesabu kwanza: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwa siku. Nilikuwa na kilo 60, yaani gramu 96. Nikaanza kuandika kila ninachokula. Asubuhi nilikuwa sawa, mbaazi kwa mahamri na mayai matatu, ambayo peke yake ni kama gramu 18. Kumbe shida ilikuwa mchana: sahani imejaa wali wa nazi, samaki kipande kama kiganja cha mtoto! Sasa nikitoka kazini napita sokoni hapa Malindi nachukua jodari. Gramu 200 tu zinanipa zaidi ya 40. Usiku maharagwe na maziwa.

Nimefika kilo 63, na shati la kazini linanibana mabegani. Kreatini (kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, huuzwa pia kama unga) nimeanza juzi, gramu 3 kwa siku, maana hiyo kweli huongeza nguvu na kwenye chakula ni vigumu kuifikisha. Unga wa protini nauona unamfaa asiyefikisha hesabu yake kwa chakula. Kaka yangu, Mungu akubariki sana.