Kilele cha risasi kinashuka kila nikipima

Wakuu, naomba msaada. Napima ioni za risasi (metali, Pb) kwa voltametria, yaani nabadilisha volti na kusoma mkondo wa umeme, ambao kilele chake huonyesha kiasi cha risasi; natumia elektrodi ya kaboni-kioo yenye utando wa bismuthi, bafa ya asetati (mmumunyo wa kuishikilia pH isibadilike) pH 4.5. Sampuli ni ileile, lakini kipimo cha kwanza mikroampea 8, cha pili 6, cha tano 3. Wiki nzima sijapata namba ya kuamini.

— Pole sana. Kama ingekuwa inapanda na kushuka ningeuliza kasi ya kukoroga. Inashuka tu, kwa hiyo ama risasi inapotea ama uso wa elektrodi unachafuka. Weka mmumunyo mpya bila kugusa elektrodi, upime.

— Na mmumunyo unautunza wapi? Ukiwa mwepesi, risasi hung'ang'ania kuta za kioo. Tumia chupa ya plastiki iliyooshwa kwa asidi, utie asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2. Bafa ije wakati wa kupima.

Nimejaribu: mmumunyo mpya, 3.1. Basi ni elektrodi!

— Ishikilie kwenye volti +0.3 kwa sekunde 30, ukikoroga, kila baada ya kipimo. Mabaki ya metali yatayeyuka.

7.9, 8.1, 7.8. Asanteni mno! Chupa nayo nabadilisha leo.