Naomba ushauri: stendi ya kuinulia pikipiki kwa matengenezo na kuihifadhi wakati wa mvua

Ndugu zangu, naomba ushauri kutoka kwa mafundi na wenye uzoefu. Niko Mikindani, Mtwara, na nina pikipiki ninayoitumia zaidi msimu wa korosho. Mvua zikishika, kuanzia Desemba hadi Aprili, mara nyingi huiweka tu bandani. Stendi yake kubwa huinua gurudumu la nyuma vizuri, lakini nikitaka kufungua la mbele hulazimika kuweka tofali chini ya injini, jambo ambalo kwa chombo chenye uzito unaozidi kilo 100 silipendi hata kidogo.

Nimefikiria jeki ya mkasi ya kuweka chini ya injini. Wasiwasi wangu ni kwamba nati ya kumwagia oili iko palepale, na sijapenda wazo la uzito wote kukaa juu yake. Ya haidroliki huinua kwa urahisi, ila mpira wake ukichoka hushuka polepole, kwa hiyo naona isiyo na pini ya kufungia haifai kuachiwa pikipiki kwa miezi. Sakafu yangu nayo ni udongo (saruji bado ni ndoto), hivyo miguu myembamba itazama.

Je, nimpe fundi wa kuchomelea anitengenezee stendi ya mabomba ya mraba yenye kitako kipana, na kwa hewa hii ya chumvi ni rangi gani itakayozuia kutu? Pia, magurudumu yote mawili yakining'inia muda mrefu, shokamzoba haziathiriki?